Seva ya kukodi inakula dakika nne kila saa, tukilalamika tunaambiwa "zima uwashe"

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo nasema.

Duka letu la jumla linatumia mfumo wa zamani wa stoo juu ya Windows Server 2003, ndani ya mashine pepe ya kukodi, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva kubwa ya kampuni, pamoja na za wateja wengine. Leo saa saba kamili mchana nimeiweka saa yake sawa na ya simu yangu. Simu ilipofika saa nane kamili, seva ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Usiku haipotezi kitu. Mchana, wateja wengine wa kampuni hiyo wakiwa kazini, inachechemea.

Sababu inajulikana. Windows hiyo inapata saa kwa kuhesabu intarapti za taima (ishara za kuishtua prosesa), 64 kwa sekunde, kila moja inasogeza saa milisekunde 15.625. Seva mama, ile kubwa ya kampuni, ikielemewa, prosesa yetu pepe inawekwa foleni. Taima inapiga mara tatu, mara nne, hakuna wa kuitika, na inayoweza kusubiri mlangoni ni intarapti moja tu. Zamu yetu ikifika tunapewa hiyo moja, zilizobaki zimeshapotea. Dakika nne ni intarapti 15,360 zilizotupwa ndani ya saa moja!

Na dawa ipo. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, ina mpangilio wa driftfix=slew: inahesabu intarapti ambazo Windows haikupokea, halafu inazirudisha kidogo kidogo mpaka deni liishe. Kwenye libvirt, programu ya kuisimamia QEMU, unaandika tickpolicy='catchup' kwenye taima ya rtc (saa ya ndani ya mashine). Mstari mmoja, lakini uko upande wa kampuni inayotukodisha, mimi siufikii. Nimewaandikia herufi kwa herufi. Jibu: "Zima uwashe, kisha weka programu ya kusawazisha saa." Ninayo tayari! Inairusha saa mbele, halafu inaanza kubaki nyuma tena.

Kinachoniuma ni mtunza stoo wetu. Juzi risiti ya kaunta, ambayo saa yake ni sahihi, imepigwa 8:04. Kibali cha kutoa mzigo huohuo, kilichogongwa saa na seva, kinasoma 8:01. Mzigo umetoka kabla haujalipiwa! Mzee wa watu kaitwa ofisini, kaandikishwa maelezo kama mwizi, kwa intarapti ambazo mtu kaona uvivu kuzirudisha.

Asubuhi hii wameifunga tiketi yangu ya malalamiko, wameandika "imetatuliwa". Naandika hapa huku seva iko nyuma dakika kumi na moja.