Yaani jana nimeguswa PUA kwenye kikao cha harusi!

Wakuu, naandika bado natetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Yule jamaa mnamjua. Yule wa miwani, wa "nilipokuwa Ulaya". Kila kikao yumo, mchango wake haujawahi kuonekana. Jana tumekaa kikao cha harusi ya mdogo wetu, mhasibu anasoma ahadi, soda ndiyo kwanza zinagawiwa. Jamaa kaniinamia, kanikagua kama bwana mifugo, kisha kaniwekea kalamu puani. Sisemi karibu na pua. PUANI. Akatamka kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi: "Pua hii si ya Kibantu. Ninyi wa Karagwe Wahamiti, ndiyo maana mna akili ya uongozi."

Mama mdogo akapiga kigelegele, alijua nimesifiwa!

Nimesifiwa nini? Pembeni yangu kakaa shemeji, pua yake bapa, na ndiye aliyelipia ukumbi. Yeye kaambiwa nini hapo?

Na maneno hayo ya "Wahamiti", eti wageni bora waliotoka kaskazini, nayajua yalikotoka. Speke, yule ofisa wa Kiingereza, alifika Karagwe Novemba 1861 akitafuta chanzo cha Nile. Mfalme Rumanika akampokea, akamlisha, Speke akakaa hapo wiki kadhaa. Akawatazama watu sura, basi, imetosha! Kitabu chake cha 1863 kikasema Wahima, wale wafugaji, na watawala wa huku ni wageni waliotoka Uhabeshi, yaani Ethiopia. Mwenyewe aliiita nadharia yake. Waliomfuata wakaikoleza: popote penye ufalme Afrika, lazima aliujenga mtu wa kuja.

Speke huyo huyo alitoa futi akampima shemeji wa mfalme, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Kaviandika vyote, kavichapisha London. Jamani, wewe umekaribishwa kwa watu, umeshiba, unatoa futi unapima shemeji za watu?

Miaka zaidi ya 160 baadaye kaja mwingine na kalamu. Na soda ya bure mkononi. Puani, wakuu. Mbele ya wakwe.

Ndizi Mbivu: Weka picha ya pua tuamue. Bila picha hizi ni porojo.

Chumvi2: Umeguswa pua unalia? Huku Old Moshi Mjerumani alimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, mwaka 1900, ukoo unatafuta kichwa chake mpaka leo. Berlin kuna mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyobebwa kutoka Afrika Mashariki, eti wapimie mbari za watu. Wewe pua yako si umelala nayo?

Mleta mada: Hujanielewa mkuu. Alinishika PUA.

Kipara Ngoto: Mwanzo ilikuwa kalamu, sasa kashika. Kesho utasema aling'ata.

Mwalimu Mstaafu: Huyo Speke angalau alitembea. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, alikuwa kwenye kiti chake Berlin, Afrika hajaikanyaga, akawafundisha wanafunzi kwamba bara hili halina historia. Alipokumbuka Misri ipo, akaitoa Afrika, hesabu ikakaa sawa. Mfaransa Gobineau akaja na majuzuu yake 1853 hadi 1855, kwamba binadamu wana madaraja na yeye, kwa bahati nzuri sana, yuko la juu. Anayenifurahisha mimi ni Anténor Firmin, msomi wa Haiti. Aliingia kwenye chama cha wasomi wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu, pale Paris, akakaa nao, akawasikia, mwaka 1885 akawajibu kwa kitabu kinene kwamba binadamu ni sawa. Wewe kijana umejibu kwa herufi kubwa.

Mleta mada: Mzee shikamoo, lakini Firmin aliguswa pua?

Jirani wa Gisenyi: Kwetu Rwanda hiyo nadharia haikuishia kwenye soda. Wabelgiji waliikuta, wakaipenda, miaka ya 1930 wakaandika Mhutu na Mtutsi kwenye vitambulisho. Mwaka 1992 mwanasiasa akasimama jukwaani kusema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. 1994 vitambulisho vikaulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Cheka, lakini cheka taratibu.

Chumvi2: Dah. Pole jirani.

MamaTausi: Poleni sana. Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huyo wa miwani ndiye aliyeazima turubai letu la msiba mwaka juzi?

Kipara Ngoto: Ndiye. Na viti.

MamaTausi: VITI NDIYO HASA! Kumi na viwili, nyuma vimeandikwa jina la kikundi kwa rangi nyekundu.

Mleta mada: Naomba tusitoke kwenye pua.

Ndizi Mbivu: Mama, vya bluu? Viwili viko kwa fundi baiskeli hapa njia panda. Kimoja nimekikalia sasa hivi.

MamaTausi: Usinyanyuke hapo. Nakuja na bodaboda.