Seva zenu za "RuneScape ya 2007" ni kanyaboya, tusidanganyane

Wakuu, najua kuna watakaosema mtu mzima nalialia kwa sababu ya katuni. Nyie piteni tu. Uzi huu ni wa wale waliocheza RuneScape, ule mchezo wa mtandaoni, waliowahi kukaa kwenye kafe ya intaneti wakiua ng'ombe wa Lumbridge, mji wa kuanzia mchezoni, huku wakichungulia saa, dakika zisije zikaisha.

Mimi nilianzia Tanga 2006, saa moja shilingi 500. Mchezo ulifunguka ndani ya kivinjari, hakuna cha kupakua, kwa hiyo hata kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi iliuweza. Halafu tarehe 10 Desemba 2007 Jagex, wenye mchezo, wakaondoa mapigano ya wachezaji kule Wilderness, nyika ya mchezo, na Januari wakabana biashara kati yetu, eti wanawakomesha wanaouza dhahabu ya mchezoni kwa pesa halisi. 2012 wakaja kubadilisha mfumo mzima wa kupigana. Nikasepa.

Februari 2013 wakafungua toleo la Old School kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007, huku kura ikiendelea, na hadi inafungwa zilikuwa zimepigwa 449,351. Nilirudi mbio kama mtu aliyesikia maji yametoka bombani. 2015 ikaja kura ya kurudisha soko la Grand Exchange, nikapiga hapana, tukashindwa. Nilinuna wiki nzima, lakini NILIULIZWA. Yakaja maeneo mapya, Zeah 2016, Varlamore 2024. Mchezo mzuri, sikatai, ila si ule tena.

Ndiyo maana mwaka jana nilihamia kwenye seva ya watu binafsi, ya mashabiki, si ya Jagex. Jina silitaji, waliomo wanajijua. Bango lao lilisema: 2007 halisi, XP (pointi za kupandia levo) ya kawaida, hakuna soko, hakuna duka la pesa, milele. Hilo "milele" ndilo lililonimaliza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nilichagua uvuvi, kambakoche wa kisiwa cha Karamja, kwa sababu ndivyo nilivyoanza nikiwa kijana. Kambakoche mmoja ni XP 90. Kutoka levo 40, unaporuhusiwa kutega dema, mpaka levo 70 unahitaji kambakoche zaidi ya 7,700. Begi lina nafasi 28: moja ya dema, moja ya sarafu za nauli ya meli, zinabaki 26. Pigeni hesabu wenyewe, ni safari karibu 300 za kuvuka maji kwenda benki na kurudi, kila safari sarafu 30 kwenda na 30 kurudi. Mimi nilizifanya. Nikitoka kazini, mke akiwa kwenye tamthilia yake, mimi niko gatini natega dema. (Kwetu Tanga kambakoche wa kweli nawaona wakipita kwenye matenga kuelekea hotelini. Wa kwenye kompyuta angalau ni wangu.)

Miezi minane. Siku niliyofika 70 nilipiga picha ya skrini nikamtumia mdogo wangu.

Wiki mbili baadaye, tangazo kwenye Discord: "Ili kumudu gharama za seva tunafungua duka la wafadhili." XP mara tano kwa anayelipa. Na kofia ya sherehe ya bluu, ile ya karatasi iliyotoka Krismasi ya 2001 mara moja tu ikawa basi, dola 40! Kura iko wapi? Hakuna. Waliohoji wakafungiwa midomo, mmoja akafukuzwa kabisa.

Kilichonifanya nije kuandika hapa ni cha juzi. Niko pale gatini, anakuja jamaa kavaa kofia ya bluu, uvuvi levo 74, ananiuliza: "Kaka, benki ya hapa Karamja iko wapi?"

Benki. Ya. Gatini. Karamja.

Mtu wa levo 74 hajui kwamba pale hakuna benki! Hajawahi kubeba hata begi moja kuvuka maji. Nilimuuliza amefikaje 74, akasema amelipa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumapili. Sikumchukia yeye, alikuwa na adabu zake. Niliwachukia waliomuuzia.

Na msiniletee ile hoja ya "hata hivyo tumekutengenezea bure". Mlichonacho ni faili za upande wa mchezaji. Msimbo wa seva mnao? Hamna. Samaki anauma kila baada ya muda gani, jini anadondosha nini, mengi mnakisia halafu mnaandika "halisi". Wale mashabiki wa RuneScape Classic, lile toleo la kwanza kabisa la 2001, walipoambiwa litazimwa tarehe 6 Agosti 2018, walikaa wakarekodi vipindi vyao vya kucheza ili baadaye ijulikane seva ilikuwa inajibu nini kwa kila hatua. Huko ndiko kufufua. Nyie mmefufua kofia.

Seva inakula pesa, naelewa, mimi si mtoto. Semeni gharama ni kiasi gani, pitisheni bakuli, tutachanga. Mimi mwenyewe nilichanga dola 15 mwezi wa tatu, kabla ya duka, bila kuombwa wala kupewa kofia.

Kwa hiyo: ama zimeni hiyo XP mara tano kesho, ama futeni "2007" na "halisi" na "milele" kwenye bango lenu, muandike seva ya biashara, watu waingie wakijua. Na dola zangu 15 nazitaka. Nimewaandikia mara tatu, mara zote najibiwa na roboti.

Kama kuna mwingine humu aliyepigwa na hawahawa aseme. Picha za tangazo ninazo zote, wakilifuta nitaziweka.