Waya wa spika wa dola 7,250: nani alikimbia jaribio?

Fundi wa Gerezani
Wadau, mwaka 2007 James Randi wa Marekani, yule mfichuaji wa wapiga ramli, aliahidi dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa masikio tu waya wa spika uitwao Anjou wa kampuni ya Pear, jozi dola 7,250, na waya mzuri wa kawaida. Michael Fremer, wakati huo mhakiki wa jarida la vifaa vya muziki la Stereophile, akajitokeza. Pear wakakataa kutoa waya, jaribio likafa. Kwangu mimi kampuni iliogopa kuumbuka. Je, muuzaji wa kitu cha bei ile alazimishwe kukijaribu hadharani kabla ya kukitangaza?

Mzee Santuri, Tanga
Fremer hakukimbia, hilo liwe wazi kwanza. Tena amewahi kusimulia kuwa kwenye jaribio la kutofautisha amplifaya kwa masikio alipata tano kwa tano, akaambiwa ni bahati. Mtu akikosa, ushahidi, akipata, bahati. Mahakama gani hiyo?

Mwalimu wa Fizikia
Shikamoo mzee. Kubahatisha tano kwa tano ni moja katika 32. Ukumbi ukiwa na watu mia, watatu hivi wataipata hata wakiziba masikio. Ndiyo maana jaribio hurudiwa. Mwaka huohuo wa 2007, watafiti Meyer na Moran wa Boston waliwasikilizisha watu SACD, diski yenye kiwango cha juu kuliko CD, mara nzima, mara imeshushwa hadi kiwango cha CD. Majibu 554, sahihi 276. Huko ni kurusha shilingi. Na kwa heshima zote, umri ukisogea sikio halipokei tena sauti nyembamba za karibu na herizi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo wengi wanaotetea vifaa hivi hawasikii wanacholipia.

Mzee Santuri, Tanga
Marahaba, ila heshima yako imeishia kwenye salamu. Nimefunga spika za taarabu hapa Tanga kabla hujajua kusoma. Nikisimama nyuma ya ukumbi najua udi umefunikwa na kinanda, na sihitaji herizi 20,000 kulijua hilo. Noti ya juu kabisa ya piano haifiki 4,200. Muziki uko huko chini, kijana. Sikio hufundishwa.

Binti Makadara
Kwa piano mzee kasema kweli. Lakini masikio yaliyofundishwa nayo yamepimwa. Indianapolis, 2010: wapiga fidla 21 walivishwa miwani ya giza wakapewa fidla sita, tatu mpya, tatu za kale za mafundi mashuhuri wa Italia: mbili za Stradivari, moja ya Guarneri. Wengi walichagua mpya, na iliyokataliwa kuliko zote ilikuwa ya Stradivari.

Mzee Santuri, Tanga
Chumba cha hoteli, binti yangu! Nani hupimia fidla hotelini?

Binti Makadara
Walirudia karibu na Paris, safari hiyo hadi kwenye ukumbi wa tamasha, kwa mabingwa kumi. Sita walichagua mpya.

Kijana wa Sinza
Sasa tumehamia kwenye fidla. Mbona mnamwandama mtu na pesa zake? Mwenye nacho anunue.

Fundi wa Gerezani
Mwenye nacho simwandami. Naumia nikiona mtu aliyedunduliza anauziwa Kariakoo waya wa "shaba isiyo na oksijeni" kwa bei ya spika yenyewe, kisha ananiletea spika mbovu nitengeneze kwa hela zilizobaki. Waya wa kawaida wa milimita 1.5 za mraba, mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani, yaani unavyozuia umeme, wa kama omu 0.12. Spika ni omu 8. Hapo kuna siri gani? Sauti ikizidi kidogo tu, sikio huiita nzuri. Ndiyo sababu wapimaji husawazisha ukubwa wa sauti za pande zote mbili kwa mita, tofauti isizidi desibeli 0.1.

Mzee Santuri, Tanga
Njooni kwangu basi. Waya za aina zote mbili ninazo. Mwanangu atabadilisha, mimi nitawaambia.

Mwalimu wa Fizikia
Mwanao asionekane, mzee.

Mzee Santuri, Tanga
Unamwita mwanangu mwongo?

Mwalimu wa Fizikia
Hapana. Anayejua jibu hulitoa bila kukusudia. Berlin kulikuwa na farasi akiitwa Hans, akijibu hesabu kwa kupiga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kuwa farasi huyo asipomwona mtu anayejua jibu, anashindwa. Alikuwa akisoma mwili wa muulizaji, na mwenye farasi hakuwa tapeli.

Mzee Santuri, Tanga
Mwanzo nilikuwa kiziwi, sasa nimekuwa farasi.

Fundi wa Gerezani
Mzee wangu, tuliza moyo. Tutaweka pazia, tutarusha shilingi kuamua waya upi uingie, mara 20. Ukipata 15 nitakutangaza mtaa mzima wa Gerezani, maana kwa kubahatisha hilo hutokea kama mara mbili tu katika mia.

Binti Makadara
Nakuja kutoka Mombasa kushuhudia. Mita ya desibeli nitaleta.

Mzee Santuri, Tanga
Pazia nimekubali. Mara 20 nimekubali. Lakini huyo mwalimu haingii kwangu mpaka aniombe radhi kwa habari ya masikio.

Mwalimu wa Fizikia
Nilisema wengi, mzee. Sikukutaja wewe.

Mzee Santuri, Tanga
Ulianza na shikamoo. Ulikuwa unamwamkia nani?