Wakuu, if yangu inakubali kila kitu, nimekosea wapi?

mgeni_wa_C: Habari zenu wakuu. Nina wiki tatu kwenye lugha ya programu ya C. Programu yangu inamtaka mtu achague 1 hadi 4, akichagua 4 ijifunge. Sasa hata nikibonyeza 2 inajifunga! Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, kimya. Mstari wenyewe:

`if (chaguo = 4) funga();`

Nimeukodolea macho tangu jana usiku.

mabano_mawili: Umeandika `=` moja. Hiyo inapachika; inayolinganisha ni `==`. Hapo umeipa chaguo 4, na kwenye C upachikaji wenyewe una thamani, ileile iliyopachikwa. 4 si sifuri, basi if inaona ni kweli. Ungepachika 0 isingejifunga kamwe.

Kompaila nayo unaionea, hujaiomba iseme. Kama ni gcc, weka `-Wall` ikupe maonyo.

mgeni_wa_C: Duh! Imenionyesha mstari uleule. Lakini mbona nimeona mahali `while ((c = getchar()) != EOF)`? Naye kakosea?

mzee_pointa: Hapana mdogo wangu, huyo kakusudia. Anasoma herufi, anaihifadhi kwenye c, kisha anaangalia kama data imeisha, yote kwa mkupuo mmoja. Ila usiguse yale mabano ya ndani. Ukiyatoa, `!=` inatangulia kufanya kazi, na c inaambulia 1 au 0 badala ya herufi. Na c iwe ya aina ya `int` (namba kamili). Ukiiweka `char` (baiti moja tu), kwenye mashine nyingine lupu haiishi, kwenye nyingine inakatika kabla ya wakati ikikutana na baiti ya 255.

mabano_mawili: Wapo wanaoandika `4 == chaguo`, ili ukisahau alama moja kompaila ikatae kabisa. Mimi inanikera kuisoma, na haisaidii kitu ukilinganisha vigeu viwili, a na b.

mzee_pointa: Novemba 2003 kuna mtu alipenyeza `(current->uid = 0)` ndani ya if kwenye nakala moja ya msimbo wa Linux. Ukipita haraka unadhani inakagua kama mtumiaji ni root (mwenye mamlaka yote kwenye mfumo), kumbe inamfanya awe root! Na aliizungushia mabano yake, kompaila isipige kelele. Bahati nzuri ilinaswa kabla haijaingia kwenye msimbo mkuu.

mgeni_wa_C: Kumbe kosa langu wenzangu wanalifanya kwa hila! Asanteni, 4 inafunga, 2 imetulia. Sasa 3 ndiyo haifanyi chochote, ila ngoja nisome maonyo ya `-Wall` kwanza kabla sijarudi kuwasumbua.