Redio inasema bei imepanda kidogo, mbona falanga zangu zinaisha mbio?

Mama_Katuba: Bandugu jambo yenu. Tangu mwezi wa kwanza naandika bei mu kaye. Meka (kopo ya kupimia) ya bunga ilikuwa falanga 2,500 sasa ni 3,500, mafuta lita ilikuwa 5,000 sasa 5,500, sabuni yenyewe ilishuka toka 1,000 mpaka 900. Mutoto wangu wa iniveriste akachukua 40 kwa mia ya bunga na 10 ya mafuta, akatosha 10 ya sabuni, akagawa na tatu, akasema mama ni 13 kwa mia tu. Mie nakataa, ju posho yenye ilikuwa inafika mwisho wa mwezi sasa inaishia tarehe 22. Nani amekosea?

Yaya_Kampemba: Mama, hesabu ya mutoto njo yenye kukosea. Ameweka sabuni na bunga sawasawa, na kwenu bukari (ugali) iko ya kila siku! Tuseme kwa mwezi unanunua meka 20, mafuta lita 5, sabuni 10. Mwezi wa kwanza ilikuwa 85,000, leo vitu vilevile ni 106,500. Gawa, zidisha na 100, unapata indisi (kipimo cha bei, mwezi wa kwanza ikiwa 100) 125.3, maana yake bei ya kikapo yako imepanda 25 kwa mia, karibu mara mbili ya ile ya mutoto. Ni njia ya Laspeyres, Mjerumani, tangu 1871, kiasi kinabakia cha mwanzo.

Mama_Katuba: Aksanti yaya. Lakini meka 20 sinunue tena, niko na 14, zingine tunachanganya na muhogo.

Mwana_Stat: Hapo njo penye uchungu mama. Ukiweka kiasi cha leo, njia ya Paasche, Mjerumani mwingine (1874), indisi inashuka mpaka 122.1, utasema ugumu umepungua, kumbe ni sahani ya batoto imepungua. Fisher, mwanauchumi wa Amerika, alishauri kuzidisha zote mbili na kutafuta kipeuo cha pili, inakuwa 123.7. Mie ningebakia na 125.3, ju inaonyesha falanga ngapi zinahitajika kula kama mwezi wa kwanza. Na hesabu ya redio inapima kikapo ya watu wote, hata mwenye kulipa esansi (petroli) ya motokari. Na ukisikia inflasio (mbio ya bei kupanda) imeshuka, bei hazijashuka, zinapanda polepole tu.

Mama_Katuba: Sawa mwanangu. Nimeandika 85,000 na 106,500 kwa ukurasa wa kwanza, na muhogo pia nitaipimia bei kesho asubuhi sokoni.