Mjadala: Mitandao mikubwa ivunjwe, au ilazimishwe kufunguliana milango?

Muuza samaki, Deep Sea:
Assalaam alaykum. Saa 12 asubuhi nakuwa mnadani hapa Deep Sea, Tanga. Nikipata tenga la kolekole nawapanga juu ya turubai, napiga picha, narusha kwenye kundi la WhatsApp. Jua halijawa kali, bodaboda keshazunguka Chumbageni mpaka Raskazone. Mwezi uliopita akaunti yangu ilifungwa. Kosa sikuambiwa, rufaa nikajibiwa na mashine. Wateja wengi sikuwa na namba zao, walikuwa ndani ya kundi tu. Siku ile nusu tenga nilimwachia mkaangaji kwa bei ya hasara.

Mtaniambia nihamie mtandao mwingine. Nimehamia, niko huko peke yangu.

Sasa hoja yangu. Zamani ukimtumia pesa mtu wa laini nyingine, alipata meseji yenye namba ya siri, akamtafute wakala wa mtandao wako ndipo atoe. Mwaka 2014 Tigo na Airtel wakaunganisha, Vodacom wakaingia 2016. Mwaka 2017 tukaweza kuhama mtandao na namba yetu ile ile. Leo mteja ananilipa kwa laini yoyote, hata siulizi. Iweje pesa ivuke, meseji isivuke? Umoja wa Ulaya wana sheria ya masoko ya kidijitali: tangu Machi 2024 Meta, kampuni yenye Facebook, inatakiwa kuifungua WhatsApp kwa programu nyingine zitakazoomba kuunganishwa. Na sisi tudai hivyo.

Fundi simu, Ngamiani:
Pole sana dada. Mimi nasema wavunjwe kabisa. Facebook iliinunua Instagram 2012 kwa dola bilioni 1, ikaitangazia WhatsApp dola bilioni 19 mwaka 2014. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika pamoja kwa saa kama 6, watu wakanijazia meza ya simu nzima kabisa wakidhani zimeharibika. Marekani waliivunja kampuni ya simu ya AT&T mwaka 1984, kwa hiyo si jambo geni kwao. Serikali yao iliishtaki Facebook Desemba 2020, na Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaipa ushindi kampuni, kwamba TikTok na YouTube nazo ni washindani wake. Video za kuchekesha zinashindanaje na kundi la wateja wa samaki? Hapo sikubaliani naye.

Karani, Barabara ya 8:
Dada, mfano wa pesa unakugeukia. Zile kampuni zilikaa zenyewe zikapatana, hazikulazimishwa. Halafu meseji zinasafiri zimefungwa kwa ufunguo, wa kuzisoma ni mtumaji na mpokeaji tu. Ukifungua milango kwa kila programu, ufunguo atashika nani? Hivi sasa tu hatulali kwa meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Muuza samaki, Deep Sea:
Kaka karani, la ufunguo ni zito na silipuuzi. Ila sheria ile ya Ulaya inataka ulinzi ubaki pale pale hata meseji ikivuka. Anayeomba kuingia aoneshe kwanza kwamba anaweza kuulinda, akishindwa abaki nje. Kuhusu kupatana wenyewe, angalia nani alichelewa: kampuni kubwa kuliko zote ndiyo iliyokuja miaka miwili baadaye. Mkubwa hana haraka ya kufungua mlango, maana wateja wako kwake. Ndiyo maana nasema alazimishwe.

Na wewe fundi, hoja yako naiheshimu, lakini kampuni ikigawanywa vipande vitatu, mfanyabiashara bado yuko ndani ya kipande kimoja na wateja wake wamefungiwa humo humo. Mimi nataka nikitoka, nitoke na wateja wangu.

Anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani aniandikie hapa. Alfajiri niko mnadani, nitasoma nikirudi.