Naomba ushauri: mbwa wangu anajikuna sana, nataka nimpikie chakula cha samaki

Mwenye Chui (mleta uzi)

Habari zenu wadau wa mbwa. Nina mbwa wa miaka minne, dume aliyehasiwa, kilo 20, anaitwa Chui. Kwa muda mrefu sasa anajikuna masikio na tumbo, na analamba katikati ya vidole mpaka ngozi inakuwa nyekundu na manyoya yananyonyoka. Viroboto hana. Daktari wa mifugo amemkwangua ngozi kutafuta utitiri, hakuna kitu. Anashuku aleji ya chakula, na kwa kuwa Chui amekula kuku na ng'ombe tangu alipoacha kunyonya, amenishauri tujaribu protini ambayo hajawahi kuila. Samaki hajawahi kuonja, kwa hiyo nimeamua iwe samaki, na nataka nipike mwenyewe ili nijue kila kinachoingia kwenye bakuli lake.

Maswali yangu: samaki gani wanafaa? Nimpe mbichi au nichemshe? Miiba nifanyeje? Na je, samaki na wali peke yake vinatosha, au kuna kitu kinakosekana? Nimesoma huku na kule mpaka kichwa kinauma, huyu anasema mbwa ni mla nyama apewe mbichi, yule anasema samaki atamuua. Chui ni kama mtoto kwangu, sitaki kubahatisha.

Mkia Juu

Pole mkuu, najua ilivyo kumsikiliza mbwa akijikuna usiku kucha. Pika tu. Chemsha au pika kwa mvuke, bila chumvi, bila viungo, na zaidi ya yote bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa hata vikiwa vimepikwa. Samaki wa chumvi na wa kukaushwa kwa moshi waache kabisa.

Kisiki

Mimi wangu wanakula mbichi, vichwa na kila kitu, na manyoya yao yanang'aa. Mbwa mwitu hana jiko. Kupika kunaua virutubisho.

Bi Nahodha

Kisiki ndugu yangu, nakuheshimu, na nafurahi wako wazima, lakini ushauri huo usimpe mtu ambaye mbwa wake tayari ni mgonjwa. Kwenye samaki, ubichi una hatari ambazo nyama ya ng'ombe haina.

Ya kwanza ni kimeng'enya kinachoitwa thiaminesi. Kipo kwenye baadhi ya samaki, heringi wakiwemo, na kazi yake ni kuvunja vitamini B1. Mbwa akila samaki hao wabichi kila siku, B1 mwilini inapungua taratibu: anaanza kukataa chakula, anayumba akitembea, mwisho anapata degedege. Ukipika, kimeng'enya kinaharibika na hatari inaisha. Kwa hiyo kwenye samaki moto ndio unaookoa kirutubisho.

Ya pili ni minyoo. Samaki wa maji baridi wanabeba tegu, wa baharini wanabeba Anisakis. Na kuna ugonjwa mmoja ambao kila anayewaza kumpa mbwa samaki mbichi inabidi aujue. Upo upande wa pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada, na unatokana na salmoni na jamaa zake. Ndani ya samaki kuna mnyoo bapa, Nanophyetus salmincola, na ndani ya mnyoo huyo kuna bakteria, Neorickettsia helminthoeca. Mbwa akimla samaki huyo mbichi, baada ya wiki moja hivi anapata homa kali, kutapika na kuharisha damu, na asipotibiwa wengi wao hufa. Antibayotiki zinatibu ukiwahi. Kupika kunaondoa hatari yote.

Mbwa mwitu hana jiko, ni kweli. Lakini pia hatujui wangapi wanakufa huko porini kwa sababu hiyo hiyo.

Kisiki

Hilo la mnyoo ndani ya samaki na bakteria ndani ya mnyoo sikuwahi kulisikia. Nikigandisha je?

Bi Nahodha

Kugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kunaua minyoo. Lakini hakuharibu thiaminesi, na bakteria wa kawaida kama salmonela wanavumilia baridi. Nakusihi upike tu.

Tausi

Mimi nijibu la aina ya samaki. Chagua wadogo. Samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi kwa kula wenzao, kama papa, nduaro na jodari wakubwa, wanakusanya zebaki mwilini, na zebaki haitoki kwa kupika. Samaki mdogo hajaishi muda wa kutosha kuikusanya. Kwa chakula cha kila siku tafuta samaki mweupe asiye na mafuta mengi, mnyama anammeng'enya vizuri.

Dagaa na vibua wana mafuta ya omega-3 ambayo yanasaidia ngozi yenye muwasho, ila hao ndio wanaoharibika haraka. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanatengeneza histamini, kemikali inayoleta sumu na muwasho, kwenye nyama, na histamini hiyo haiondoki hata uchemshe saa nzima. Samaki akinuka vibaya mtupe, usiseme mbwa atakula tu. Ukitumia wa kopo chukua aliyehifadhiwa kwenye maji, asiye na chumvi wala sosi.

Na samaki usiyemjua usimguse. Bunju ana sumu ambayo moto hauiwezi.

Babu wa Mabanda

Kuhusu miiba. Nimefuga mbwa muda mrefu na nimeona mwiba wa samaki ukikwama kwenye kaakaa la mbwa wa jirani, alikuwa anajikwaruza mdomo kwa miguu yote miwili mpaka damu inatoka. Daktari alilazimika kumlaza usingizi ili autoe.

Kuna njia mbili tu ninazoziamini. Moja, unachukua minofu mitupu, unachemsha, kisha unaichambua kwa vidole, kipande kwa kipande, kwa sababu jicho halioni mwiba mdogo lakini kidole kinausikia. Ya pili ni sufuria ya presha. Samaki wadogo ukiwaweka humo muda wa kutosha miiba inalainika mpaka unaiponda kati ya vidole viwili kama viazi. Ikifika hapo mbwa anakula na miiba yake, na kalsiamu anaipata humo humo. Ukibonyeza na bado inachoma, rudisha motoni. Mapezi kata kabla, yale ya mgongoni yana ncha kali.

Na kama unapata vichwa kutoka kwa wavuvi, fungua kila mdomo uangalie ndoano. Ndoano iliyomezwa na uzi wake ni upasuaji.

Lishe Kwanza

Nimesubiri nione kama kuna atakayeligusa swali la mwisho la mleta uzi, maana ndilo lenye uzito kuliko yote. Samaki na wali peke yake HAVITOSHI. Mbwa atakula, atashiba, atanenepa hata, na huku mifupa yake inaliwa taratibu bila wewe kuona.

Sababu ni hii. Minofu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo, isivuke mara mbili yake. Damu ikikosa kalsiamu kutoka kwenye bakuli, mwili unaichota kwenye mifupa. Kwa mbwa mzima inaweza kuchukua miezi kabla hujagundua, kwa mtoto wa mbwa ni wiki chache tu miguu inapinda na mifupa inavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha kupika nyumbani, kutoka kwenye vitabu na mitandaoni. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Na mengi yalikuwa yameandikwa na madaktari wa mifugo wenyewe! Kwa hiyo usijione mzembe kwa kutojua, hili jambo ni gumu kweli.

Sasa tufanye hesabu ya Chui. Mbwa mzima wa kilo 20 aliyehasiwa anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku, pungufu kidogo kama ni wa kulala tu. Minofu ya samaki mweupe iliyopikwa, gramu 450, inakupa kama 500. Wali uliopikwa, gramu 300, unakupa kama 390. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kinakupa 120, na hapo anapata pia asidi ya linoleiki ambayo samaki mweupe hana ya kutosha na ngozi inaihitaji. Kalsiamu: nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka likawa unga laini kabisa. Hiyo ni karibu gramu 3 za unga, inatoa kalsiamu zaidi kidogo ya gramu 1. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Hata hivyo bado kuna mapengo. Zinki, shaba na vitamini E havitoshi hapo, na vitamini E hitaji lake linapanda kadiri unavyoongeza mafuta ya samaki. Hivyo vinataka mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezwa mahususi kwa chakula cha nyumbani cha mbwa, na kipimo chake upangiwe na daktari mwenye ujuzi wa lishe. Kidonge cha binadamu hapana, dozi si zake. Mafuta ya ini la samaki nayo usimimine ovyo, yana vitamini A na D nyingi, na zote mbili zikizidi ni sumu.

Mwenye Chui (mleta uzi)

Jamani, asanteni sana, mmenifungua macho. Lishe Kwanza, ubarikiwe kwa hesabu hiyo, naiandika nibandike jikoni. Kwa hiyo nitachemsha minofu, nichambue kwa vidole kama Babu alivyosema, wali, mafuta ya alizeti na unga wa ganda la yai. Naweza kuongeza dagaa wa presha mara moja moja, na vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya ngozi?

Sindano Moja

Nafanya kazi kwenye kliniki ya mifugo. Ngoja kidogo hapo mkuu, na Lishe Kwanza aniwie radhi, hesabu yake ni nzuri kwa mbwa wa kawaida. Ila Chui yuko kwenye jaribio la kutafuta aleji, na jaribio lina masharti yake.

Ganda la yai lina utando wa ndani na mabaki ya protini ya yai. Kama Chui ana aleji ya yai umeshaharibu jaribio na hutajua. Tumia unga safi wa kalsiamu kabonati usio na ladha, gramu 3 zile zile. Vidonge vya mafuta ya samaki vingi ganda lake ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe, na ng'ombe ndiye tunayemshuku, kwa hiyo subiri. Dagaa pia subiri. Aina moja ya samaki na aina moja ya wanga, basi. Ukichanganya samaki watatu na mmoja akamkera, utamlaumu yupi?

Jaribio linakwenda wiki 8 angalau. Ndani ya wiki hizo hakuna biskuti, hakuna mfupa wa kuguguna, hakuna dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama, hakuna dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku. Watoto nyumbani waambiwe, na jirani pia. Majaribio mengi yanaharibika kwa kipande kimoja kilichodondoka chini ya meza. Kwa mbwa mzima mwenye afya, wiki hizo bila mchanganyiko kamili wa madini zinavumilika, tena michanganyiko mingine ina ladha ya ini, kwa hiyo muulize daktari wako kabla. Kwa mtoto wa mbwa nisingekubali hata wiki moja.

Akipona usiishie hapo. Mrudishie chakula chake cha zamani makusudi. Muwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, na ukaisha tena akirejea kwenye samaki, hapo una jibu. Usiporudi, basi kilichomponya ni kitu kingine, labda msimu umebadilika.

Mwenye Chui (mleta uzi)

Kumrudishia kile kinachomuumiza? Roho inasita, lakini nimeelewa sababu. Nawauliza la mwisho: nibadilishe ghafla au taratibu? Na nikipika kingi kinakaa muda gani?

Sindano Moja

Taratibu, siku 7 hadi 10, kila siku samaki wazidi na cha zamani kipungue, kisha ndipo uanze kuhesabu zile wiki 8. Tumbo likichafuka rudi hatua moja. Kama ameshawahi kuugua kongosho, sema sasa hivi, kijiko cha mafuta tutakiangalia upya.

Mwenye Chui (mleta uzi)

Hapana, kongosho hajawahi.

Tausi

Friji siku tatu, isizidi nne. Friza gawa kwa mafungu ya siku moja moja, toa hewa yote kwenye mfuko. Unga wa kalsiamu weka wakati wa kumpa, usipikwe humo, ndipo utajua kila bakuli lina kipimo chake. Mpime uzito kila wiki, mizani ikipanda punguza wali na mafuta, samaki usimpunguze.

Babu wa Mabanda

Na maji uliyochemshia samaki usimwage. Vitamini za kundi B na taurini, kirutubisho kinachosaidia moyo, zinayeyukia humo. Yachuje kwa kitambaa miiba isipite, kisha pikia wali.